Mkia wa Trela

Verna Stubblefield aliliona kosa asubuhi, kabla gari halijatoka uani kwake Rawlins, akalifumbia macho. Mkwewe Brent alikuwa anapakia trela, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Jiko lake la chuma la kubanikia nyama, zito kama ndama, alilisukuma hadi nyuma kabisa. Jenereta nayo nyuma. Baiskeli akazining'iniza nyuma ya hiyo nyuma. Huku mbele, upande wa kitanda cha Verna, palibaki peupe kama utosi wa Brent mwenyewe.

"Mama, hebu nipe na hilo sanduku la vyombo."

Verna akampa. Akamsaidia na kulisukuma mpaka liliposema basi.

Yeyote aliyewahi kuvuta trela ndefu anajua kwamba pua yake inatakiwa iliegemee gari. Ukishindilia uzito nyuma ya magurudumu, mkia unashuka, pua inanyanyuka, na ukiingia barabarani trela inaanza kuchezesha mkia kama mbwa aliyenusa mfupa. Verna alilijua hilo kama anavyojua njia ya chooni, maana yeye na marehemu mumewe Merle walivuta trela hiyo Wyoming nzima. Lakini nani alimuuliza? Tangu alipogonga sanduku la barua la jirani, bintiye Janelle alimnyang'anya funguo za gari, na kuanzia siku hiyo kila alichosema kilichukuliwa kama kikohozi.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, Cheyenne. Chumba kimoja, dirisha moja, na dirisha linatazama mapipa ya taka. Trela angeichukua Brent, aende nayo kuvua samaki na wenzake. Hakuomba. Alitangaza tu mezani, mdomo umejaa viazi. Janelle alibaki nyumbani na watoto. Alisema kichwa kinamuuma.

"Huko utapata keki kila Ijumaa, mama," Brent alisema walipoingia barabara kuu. "Mimi mwenyewe natamani nizeeke."

"Usiharakishe, baba. Uso umeshatangulia, mwili utafuata."

Brent akacheka. Alikuwa muuzaji wa mabeseni makubwa ya kuogea maji moto, na kucheka ilikuwa sehemu ya kazi. Akakanyaga mafuta. Lilikuwa gari kubwa la familia, la viti safu tatu, linang'aa.

"Hili linavuta nyumba. Muuzaji kaniambia."

"Alikwambia na namna ya kuisimamisha hiyo nyumba?"

"Mama, kula peremende yako."

Verna akala peremende yake.

Upepo wa Elk Mountain hauna adabu, kila mtu anajua, na siku hiyo ulikuwa umeamka vibaya. Brent alikuwa anateremka mlima kwa mwendo wa kwenda harusini. Lori moja refu likawapita kwa kishindo. Trela ikavutwa kidogo kushoto, ikarudi kulia. Ikaenda kushoto tena, sasa zaidi.

"Nini hiyo?" Brent akauliza.

"Mkia," Verna akasema.

Mara ya tatu gari lenyewe likaanza kufuata trela. Kwenye kioo cha pembeni ukuta mweupe wa trela ulitokea, ukapotea, ukatokea upande wa pili. Brent akafanya kile ambacho kila mgeni wa trela hufanya: akabana breki. Basi trela ikapata nguvu mpya. Ikamsukuma mgongoni, ikamtupa huku, ikamtupa kule. Brent akapiga yowe jembamba ambalo Verna hakujua kama koo lake linaweza kulitoa.

"Mama! Mama, tunakufa!"

Chini ya usukani kulikuwa na kijisanduku cha breki ya trela, chenye kipini kidogo cha kubana kwa kidole. Ukikibana, trela inashika breki peke yake na kulivuta gari linyooke. Verna alikiona. Mkono wake ulikifikia bila shida. Lakini kwanza akamalizia peremende. Alikuwa na miaka sabini na minane na chumba kinachotazama mapipa kinamsubiri, kwa hiyo haraka haikuwa yake. Akamwacha mkwewe aonje. Kisha akasema, "Toa mguu kwenye breki, mjinga wewe," akainama, akakibana.

Trela ikatulia kama mtoto aliyefinywa.

Walisimama kando ya barabara. Suruali ya Brent mbele ilikuwa na doa ambalo Verna alilitazama waziwazi, bila kupepesa, mpaka Brent akalifunika kwa kofia.

"Ulijua," Brent akasema. "Ulijua kwamba nimepakia vibaya."

"Nilikuwa nakula peremende yangu."

Ikabidi Brent ahamishe kila kitu kupeleka mbele, peke yake, ndani ya upepo ule. Verna aliketi garini na sandwichi ya yai, akishusha kioo mara kwa mara kutoa maelekezo. "Siyo hapo. Hapana, rudisha. Jiko kwanza." Alipolifikisha jiko karibu na kitanda, Verna akakumbuka kwamba lingekaa vizuri zaidi upande wa pili. Haikuwa kweli, lakini jiko lilikuwa zito na yeye alikuwa hajamaliza sandwichi.

Polisi wa barabara wakapita na tangazo kwamba, kwa ajili ya upepo, hakuna trela kuvuka kwenda Cheyenne mpaka kesho. Wakajikongoja hadi kambi ya trela karibu na Laramie, pale ambapo Verna na Merle walikuwa wakilala kila kiangazi.

Kambi hizo zina mchezo wake. Jioni, wazee waliokwisha kuegesha huchukua viti vyao vya kukunja na bia zao, wakakaa kandokando ya njia kumtazama mgeni akirudisha trela nyuma kuingia nafasi yake. Hakuna sinema inayopendwa kuliko hiyo. Brent alipokata kona, viti vilishapangwa.

"Sikiliza, baba," Verna akasema. "Nafasi ile pale, kati ya meza na mti. Ukiiingiza trela, kesho nakwenda Cheyenne kimya kimya, na karatasi za trela nakusainia. Ukishindwa, mimi nabaki hapa na trela yangu, nawe unarudi kwa mkeo."

Brent alitazama nafasi. Akatazama viti. Angeweza kukataa, lakini wale wazee walikuwa wameshamwona.

"Kurudi nyuma tu?" akasema. "Haya."

Kuna siri moja ndogo: shika usukani kwa chini, na upande utakaopeleka mkono, trela nayo itaelekea huko. Verna hakuitaja. Alishuka, akaletewa kiti.

"Kulia!" akapiga kelele mzee wa kwanza.

"Kushoto, bwana! Kushoto!"

"Nenda mbele uanze upya!"

"Muulize huyo mama kama anaweza!"

Kila mmoja alipunga mkono kivyake, kama kawaida yao, na Brent, maskini, aliwatii wote. Trela ilikunjika hivi, ikanyooka, ikakunjika vile. Jasho lilimchuruzika. Akatoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti ya mtoto, "Mama, nisaidie."

"Umekaribia," Verna akamwambia. "Zidisha hivyo hivyo."

Akazidisha. Pembe ya trela ikaingia kwenye kioo cha nyuma cha gari na kukimwaga chote juu ya viti vya watoto. Wazee wakapiga makofi. Mmoja alimwaga bia yake kwa kucheka.

Verna mwenyewe ndiye aliyeshika usukani akaiingiza. Si kwa mara moja, maana macho kweli yalikuwa mabovu, na meza aliigonga ikahama. Hakuna aliyethubutu kusema neno.

Brent aliifungua trela kutoka kwenye gari, akaziba dirisha kwa mfuko wa plastiki na kushuka kwenda Laramie. Plastiki ilipiga kelele njia nzima ya kambi. Hakuaga. Jiko lake alilisahau.

Jua halijazama, Janelle akapiga simu, analia. "Mama, umemfanya nini mume wangu? Kanipigia kwamba umebaki kambini, basi! Kajifungia bafuni hotelini, hasemi zaidi! Na wewe huna gari. Kambi hiyo wanafunga maji vuli ikiingia, yasigande. Nani atakuja kukuvuta utoke hapo?"

Verna aliwatazama wazee, ambao walikuwa bado hawajakunja viti vyao.

"Mtume Brent," akasema. "Mwambie asiwe na wasiwasi na muda. Sisi tutamsubiri, viti tunavyo."