Zabibu Hazijakunjamana

"Ukuta huu? Siku mbili, na ya tatu nakunywa chai juu yake," alijigamba Orzumurod, suruali imekunjwa magotini, akikanyaga udongo uliochanganywa na majani makavu ya ngano.

Alikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa na jina: Mehrangez. Baba yake binti alishasema kwamba bila chumba kabla ya theluji, harusi ni mwakani. Kuta za zege kutoka kiwandani zilifika kona ya msikiti; dereva wa lori akakitazama kichochoro, akacheka, akageuza. Ikabaki kujenga palepale, kwa udongo wa ua wenyewe.

"Kila tabaka siku tano," Usto Nazrullo, fundi aliyemfundisha kazi, alimwambia akienda kujenga kijiji cha ng'ambo. "Bonyeza kidole gumba. Kikizama, kaa kitako usubiri."

"Sawa, Usto."

Usto alipokata kona tu, Orzumurod akaanza. Hadi jua kuzama alikuwa amepandisha matabaka matatu, moja mgongoni mwa jingine, yote mabichi. Kesho yake la chini likatoa kitambi kama cha shemeji aliyetoka kwenye pilau ya tatu. Adhuhuri ukuta ukapiga magoti, kisha ukalala kifudifudi.

Usto alirudi siku ya kumi na mbili, akaukuta umekuwa rundo.

"Ng'ombe, Usto. Alikuja kujikuna."

"Na siku tano ulingoja?"

"Kila tabaka. Nimebonyeza mpaka kidole kikavimba."

Usto akakishika kile kidole, akakigeuza huku na huku. Kilikuwa kizima kabisa.

"Ng'ombe gani huyo, mwanangu?" Sauti ilitoka juu. Bibi Savri, nyanya wa Mehrangez, alikuwa amechuchumaa kwenye paa la jirani akigeuza zabibu zake. "Nilizianika hizi asubuhi uliyoweka tabaka la kwanza. Lako la tatu linapanda, zangu hazijapata hata kunyanzi moja."

Orzumurod akatazama miguu yake.

"Vunja hayo mabonge, uloweke upya," bibi akaendelea, kwa upole sasa. "Theluji bado, na baba yake Mehrangez sitamwambia. Ila mjukuu wangu tulikuwa naye hapa siku ile. Ndiye aliyekuwa akihesabu matabaka."