Salamu Zilizotangulia Kutoka Hospitali

Haya aliyasimulia Blandina msimu uliopita wa tangawizi, tukiosha mizizi mferejini, milimani kule Mamba. Yeye na Bibi Yudith ni majirani, ukuta kwa ukuta.

Alhamisi moja Yudith alikuwa jikoni anamenya ndizi, akasikia ubavuni, "Shikamoo, mama." Ilikuwa sauti ya mkwewe, Eliakunda, mke wa mwanawe. Lakini Eliakunda mwenyewe alikuwa mbali, hospitali, madaktari wakipitia puani kumtoa uvimbe uliomea chini ya ubongo. Uvimbe ule ulibana mishipa ya macho: mbele anaona, pembeni giza, anampita mtu asimwone. Ulipotoka, salamu zote zilizokuwa zimezibwa nyuma yake zikafunguka, zikashukia Same, zikapanda mlima.

"Marahaba," akajibu Yudith, akaendelea kumenya.

Kila salamu ilimfuata mwenyewe. Zephania, mzee wa kanisa, alipokea kumi na nne huku akiziba pancha ya baiskeli. "Marahaba, marahaba. Jamani, pangeni foleni!"

Za Yudith zilikuwa za miaka miwili, asubuhi na jioni, zikaendelea kumjia majuma kwa majuma. Na ni yeye aliyesema, "Mkwe wangu kameza mwiko, shingo haigeuki!" Ni yeye aliyemshitaki kwa wazee kwamba ana kiburi, hasalimu wakubwa, wakamfungia Meza ya Bwana. Na kichwa kilipoanza kumpasua, ni yeye aliyesema atubu kwanza, hospitali baadaye. Ikapita miezi minane.

Eliakunda akarudi. Jicho la kulia lilipona. La kushoto daktari alisema lingepona kama angewahi.

"Mama, wazee wamenifungulia?"

Zephania alishamwambia Yudith: "Salamu zimefika, nimezisikia. Lakini tangazo la kumfungia halijifuti. Aliyeshitaki aje aseme alikosea."

"Jumapili, mwanangu," Yudith akamjibu mkwewe.

Zikapita Jumapili sita. Wenzake wakienda mbele kushiriki, Eliakunda alibaki kwenye benchi, mikono mapajani. Nyumbani, Yudith alihamisha kigoda chake. Siku hizi hula akiwa kushoto kwa mkwewe.

Jioni moja Eliakunda alikula, akaaga, akaenda kulala. Yudith akasuuza sufuria, akafukia moto, akapanda kitandani. Salamu ya mwisho ikaingia, ikasimama ubavuni pake. Ilikuwa ya asubuhi ile Yudith alipokwenda kushitaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema. Akageukia ukutani, akalala.