Bodi Mama Aliyesema Ameshiba

Usiku wa kuamkia leo niliota bodi mama wamekuja kwetu kula chakula cha mchana.

Chanzo ni mama yangu, Bi Mwanahawa wa Pangani, asiyependa kuandika. Kila asubuhi ananitumia sauti yake kwa simu: habari za kuku, habari za majirani, mara anasahau kuzima na namsikia akigombana na sufuria. Juzi simu ilijaa ikataka nifute. Nifute nini sasa? Nikaapa kuunda seva ya nyumbani, kompyuta ndogo ya kukaa imewashwa mchana na usiku ikitunza sauti za mama. Mke wangu Radhia alikubali kwa sharti moja tu: isitumalizie umeme wa LUKU tunaoulipia kabla. Tangu hapo natafuta bodi mama, ule ubao unaobeba vifaa vyote vya kompyuta, na kila muuzaji ananiapia kwamba wake unakula umeme kidogo.

Basi, wamekaa mkekani sebuleni kwangu, wanawake bapa wa kijani, wamejitanda kanga. Radhia anapakua umeme kwenye sinia. Unafuka moshi na kunukia vitunguu.

Nawaamkia. Wanaitikia marahaba, wanasema hawatakaa sana.

Friji amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Ananiambia kwamba akiingia mlaji humu ndani, atakayelala njaa ni yeye. Radhia ananinong'oneza nisisikilize wanavyosema, nitazame wanavyokula.

Wa kwanza ana taa za rangi mwili mzima. Anakula akizungumza, anakula akinyamaza. Namuuliza anafanya kazi gani. Anajibu kwamba kazi bado hajaanza, hapa amekaa tu.

Wa pili, mama mmoja wa heshima zake, hagusi sinia.

"Nimeshiba, mwanangu," anasema. "Nimetoka kula sasa hivi."

Moyo unaniruka kwa furaha. Natangaza kwamba nimempata, atahamia leo leo.

Radhia anashika kichwa. "Baba Nasra, wewe umelelewa wapi? Mgeni akisema ameshiba, unamwamini?"

Kabla sijajibu, sebule inakuwa uwanja wa mpira. Hakuna anayeshangaa, mkeka ni ule ule. Nyuma ya goli namkuta mama wa heshima na sinia nzima mapajani, anakomba ukoko wa umeme. Anasema aliona haya kula mbele za watu. Siwezi kumlaumu, maana hata mimi ukweni hushiba kwa adabu, kisha nikatafuta chipsi njiani.

Lakini umeme umekwisha. Taa za uwanja zinazimika, Friji anaanguka chali. Mfukoni simu inaanza kufuta yenyewe, na namsikia mama akififia: "Yule kuku wa kijivu, mwanangu, yule kuku..." Hapo niliogopa kweli. Nilimwita mama kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Mimi hujanikaribisha," inasema sauti gizani.

Ni bodi mama wa tatu, mwembamba. Hana feni, ndiyo maana muda wote sikumsikia. Amekaa pembeni kabisa ya mkeka.

"Karibu, mama. Usione haya, hapa ni kwako."

Ananyoosha mkono, anaokota tonge moja lililobaki mkekani, analitafuna polepole. Taa moja ndogo inawaka kifuani mwake.

"Inatosha."

"Umeshiba kweli, au ni adabu?"

"Nimekula unaniona. Sasa nipe kazi."

Nampa simu. Anafungua mlango mmoja kati ya milango yake ya ubavuni, na mama yangu anaingia bila hodi, anaimba, kuku wa kijivu kwapani. Friji anazinduka na kumletea maji baridi. Radhia anapiga vigelegele. Mama anaketi karibu na mwenyeji wake na kuanza habari za kuku upya, toka mwanzo, na yule mwembamba anasinzia huku anasikiliza, hakosi hata neno. Mimi nacheka hadi mbavu zinaniuma.

Nikaamka nacheka. Mkeka ulikuwa umekunjwa ukutani, friji linanguruma jikoni kama kawaida yake. Radhia akauliza kulikoni, nikamwambia si kitu. Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Sauti ya mama ilikuwa imeshaingia kwenye simu, nikaifungua.

"Mwanangu, hamjambo huko? Kuku wa kijivu ametaga. Halafu muulize yule mwenzangu mwembamba kama alishiba kweli. Friji lenu lilivyokuwa likimkodolea macho, mimi nisingeweza hata kumeza."