Watoto Arobaini na Watatu

Kanzidata ya kituo cha afya iligoma kuwaka kwa siku ya tatu. Umeme wa pale kijijini Kemambo ulikuwa umekatika katikati ya kuandika, mafaili yakaharibika. Baltazar, ofisa takwimu aliyehamishiwa hapo kutoka Bukoba, alikwisha kuiondoa programu na kuisakinisha upya. Haikusaidia. Linux, mfumo ulioendesha kompyuta hiyo, iliondoa programu tu, ikayaacha mafaili mabovu mahali pake, na programu mpya ikajikwaa palepale. Ilibaki kung'oa kila kitu: programu, mipangilio, data.

Kwanza alikagua nakala ya akiba kwenye diski ya nje. Ilikuwa nzima, ila iliishia tarehe tatu. Diski ilikuwa imejaa, naye hakuwa ameitazama. Siku kumi na moja za chanjo hazikuwemo. Kwa hesabu ya dozi zilizotoka kwenye friji, watoto arobaini na watatu. Bila kumbukumbu hizo, atakayekosa dozi ya pili hatajulikana.

Alimwendea nesi Felista, mwenyeji wa hapo, akamwuliza kama alikuwa akiandika daftarini vilevile.

"Nani, mimi?" Felista alisema. "Si ulikataza, ofisa? Kazi moja haifanywi mara mbili."

Alikuwa amekataza, kwa barua yenye muhuri.

"Kadi mama zao wanazo," Felista akaongeza. "Shida ni kwamba miezi tisa uko hapa, hujui mlango wa mtu."

Ilikuwa kweli.

Alirudi chumbani kwake. Kompyuta ikauliza kama data nayo ifutwe. Akakubali. Baada ya dakika ishirini programu mpya iliwaka, nakala ikaingia, majina 2,618 yakajipanga. Hakukuwa na wa kumwambia.

Alasiri alishika njia ya mashambani na orodha ya vitongoji aliyoandikiwa na Felista. Kwenye boma la kwanza mwanamke aitwaye Mokami alimsalimu kwa Kikurya. Hakujua jinsi ya kuitikia, akasema habari za mchana. Mokami akamwuliza ametoka kwa nani.

"Sijatoka kwa mtu," alisema. "Naomba kadi ya mtoto."

Ililetwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alinakili namba, tarehe na dozi, akahakiki mara mbili, akauliza nyumba inayofuata.

"Ya Nchagwa," Mokami alisema. "Mbwa wake mkali. Ita ukiwa mbali."

Alipomsikia mbwa alisimama, akapiga hodi. Sauti ya kiume ikauliza ni nani. Baltazar akalitaja jina lake, ambalo huko ndani hakuna aliyelijua.