Maji ya Matofali

Ndila alichomoa gunzi lililoziba mtungi, akauinamisha juu ya sufuria ya ugali, na maji yakatoka yakisema:

Chunusi tatu usoni,
Naziona kiooni,
Mama ameniambia
Nisicheke hadharani.

Ndila alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti yake.

"Mutindi, huu si mtungi wetu. Hiyo ni sauti ya Kalunde. Rudisha kabla mama yake hajaja hapa kunipigia kelele."

Mutindi akaufunga mtungi, akauweka mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, akaenda kubadilisha. Huko kwa kina Kalunde mtungi wao ulikuwa umeshafunguliwa, na familia nzima ilikuwa imesikia habari za viatu vya Mutindi. Baba ya Kalunde alisema msichana ana sauti nzuri, akauliza kama chai iko tayari.

Hii ilikuwa mwaka wa 1976, upande wa Kwa Vonza. Mto wa pale ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, maji unayachimba. Ukishateka kidogo, shimo linakauka, unangoja lijae tena. Wasichana wawili wa miaka kumi na minne hawawezi kungoja wakiwa wamenyamaza, hata ukiwalipa.

"Maji ya leo yanakuja na miguu ya mzee," Kalunde angesema. "Haya, toa shairi."

Waliinama kwenye mdomo wa mtungi kwa sababu sauti humo ndani inakuwa kubwa, kama ya mhubiri kwenye redio. Wakasema mashairi ya kujitungia, kwa vina, jinsi Mwalimu Nzioka alivyowafundisha darasa la saba. Kisha walijaza mtungi na kuziba kwa gunzi ili maji yasimwagike. Shairi lilikaa humo mpaka mtu afungue. Gunzi likiwa bovu, shairi lilivuja njiani, ndiyo maana njia ya mtoni ilikuwa imejaa maneno.

Mutindi alikuwa ametolewa darasa la saba mwezi wa tano. Kamati ya sekondari mpya ya harambee ilimpa baba yake, Mutiso, kazi ya kufyatua matofali, na tofali linakunywa kuliko ng'ombe.

"Nisaidie tu mpaka jengo la darasa liishe," Mutiso alimwambia. "Halafu urudi ufanye mtihani. Ukipita, shule ni hii hapa, unaenda kwa miguu. Kwani unadhani namjengea nani?"

Mutindi aliamini. Alikuwa na viatu vyeusi tayari, zawadi ya shangazi yake wa mji wa Wote, ameviweka chini ya kitanda avivae siku ya kwanza ya sekondari.

Kalunde naye alimsaidia kubeba. Maji yakamwagwa kwenye shimo la udongo yakiongea, Mutiso akayakanyaga na udongo, akafyatua. Kamati ilipita kukagua. Mwenyekiti aliokota tofali bichi, akaliweka sikioni, akauliza kama litapasuka kwa moto.

"Maneno hayapasui tofali," Mutiso alisema. "Mawe ndiyo yanapasua."

Mwenyekiti akaridhika. Matofali yalipotoka kwenye tanuru yalikuwa mekundu, yamekauka sawasawa, na matamshi yao yalikuwa safi kuliko mwanzo.

Mwezi wa kumi na moja ukafika.

"Baba, mtihani ni wiki ijayo."

"Linta pia ni wiki ijayo," Mutiso alisema, akiwa magotini kwenye udongo. Hakusema kwa ubaya. Alimwonyesha ukuta, aone mwenyewe ulipofika.

Mtihani ukafanywa, linta ikawekwa juu ya milango na madirisha. Baada ya darasa ikaja ofisi, na baada ya ofisi choo cha walimu. Mwezi wa kumi na mbili Kalunde alipelekwa Wote kulea mtoto wa binamu yake. Aliondoka na kifurushi kimoja, akiwa juu ya lori, akipiga kelele, "Mutindi, shimo langu usimwachie mtu!" Kwa hiyo shimo likabaki la Mutindi, na kungoja kukabaki kwake.

Shule ilifunguliwa mwezi wa kwanza. Jua likishaupiga vizuri ukuta wa kusini, ukuta ulikuwa unakariri. Mwalimu Nzioka, ambaye sasa alikuwa amepandishwa akafundishe sekondari, aliona ni vizuri, kwa kuwa vitabu vya ushairi vilikuwa havijafika. Ukuta ulipoteleza ukasema Kikamba, aliuvisha kile kibao wanachovishwa wanafunzi wanaoongea lugha ya nyumbani. Aliupigia msumari wa kukitundikia.

Siku moja ukuta ulisema:

Viatu vyangu vya shule,
Kuku ametaga ndani,
Mguu nao wakua,
Nitavivaa ni lini?

"Kuku anawakilisha nini?" Mwalimu Nzioka aliuliza.

"Kilimo cha kisasa, mwalimu."

"Vizuri. Mwingine?"

"Taifa, mwalimu. Linaangua maendeleo."

"Vizuri sana."

Abukar, mtoto wa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Mwingi, alisimama. "Kuku ni kuku, mwalimu. Ameona viatu havina mtu."

"Keti chini."

Nje, Mutindi alikuwa ameweka mtungi, ameegemeza mgongo kwenye ukuta wenye joto. Alikuwa amejifunza saa ya shairi la Kalunde; inakuja tu baada ya ile ya viatu. Ukuta ukaanza na chunusi, ukaenda na kioo, ukasema, "Mama ameniambia," na Mutindi akadakia, "Nisicheke hadharani!" akacheka kwa meno yote. Ukuta nao ukacheka, kwa sababu Kalunde alikuwa amecheka siku ile na gunzi likawahi kukifungia kicheko.

Dirisha likafunguliwa.

"Wewe dada wa maji," Mwalimu Nzioka alisema, "unavuruga darasa. Tunasoma shairi."

"Samahani, mwalimu."

"Ni la nani, hilo shairi?" Abukar aliuliza kutoka ndani.

"Andikeni: mshairi hajulikani," mwalimu alisema, akafunga dirisha.

"Mutindi!" Mutiso aliita kutoka shimoni. "Udongo unakauka!"

Walikuwa wanaanza kujenga bweni. Kamati ilikuwa imeongeza vyumba viwili.

Nyumbani, kuku alikuwa ameangua. Ndila alisema asisumbuliwe, viatu vyenyewe havingemtosha mtu tena. Mutindi alivipima kwa macho, akaona ni kweli, akachukua mtungi akarudi mtoni.

Alichota, akangoja shimo lijae. Aliinama kwenye mdomo wa mtungi kama kawaida, akavuta pumzi, akakaa hivyo kitambo. Kisha akajaza maji, akaziba.

Matofali ya bweni yalitoka magumu kuliko yote, na kamati ilimsifu Mutiso mbele ya watu. Wanafunzi wanaolala humo wanasema ni bweni tulivu, halina neno hata moja. Linavuta tu pumzi kila baada ya muda, kama mtu anayetaka kuanza.