Kiapo cha Mpaka Chokaa

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Pasaka, wanawake wa Almáskút, kijiji cha milimani, walilipaka kanisa lao chokaa ndani na nje, na kila mwaka ukuta wa kaskazini aliupaka Rebeka Benkő peke yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kabla yake aliupaka mama yake, na kabla ya mama yake bibi yake, na mtu mwenye akili hamnyang'anyi mwenzake kazi ya kupanda ngazi. Rebeka alikuwa ameupaka ukuta ule mara arobaini na mbili. Chokaa ilikuwa imenenepa unene wa kidole.

Aliyajua yaliyokuwa chini yake. Alipokuwa na miaka tisa, unyevu wa theluji ulibandua kipande cha chokaa, mama yake akamwita juu ya ngazi amwonyeshe. Wanaume watatu wenye ndevu walikaa kwenye benchi moja, chini ya taji moja, wamefanana kama mayai ya kuku mmoja.

"Huo ndio Utatu wao," mama yake alinong'ona. "Waliouchora ni babu zetu, kabla hawajafumbuka macho. Umeona? Haya, umeshasahau." Kisha akachovya brashi.

Rebeka hakusahau. Hakusema tu, na kunyamaza si kusema uongo. Hivyo ndivyo alivyojipoza kwa miaka hamsini na miwili.

Almáskút ilikuwa ya watu wa Mungu Mmoja. Yesu walimpenda kweli kweli, walimwita Mwana na Mwalimu na wakajitahidi kumfuata, lakini kumwita Mungu walikataa, na kwa kukataa huko wazee wao walifungwa, wakafukuzwa, wakanyang'anywa mashamba. Wakatoliki walikuwa nyumba kumi na moja tu. Waliishi pamoja bila kutoana macho kwa sababu walioana, na desturi ya milima ile ina haki kuliko sheria nyingi za wafalme: mtoto wa kiume hufuata dini ya baba, wa kike hufuata ya mama. Rebeka aliolewa na Mkatoliki, mtu mpole, Mungu amrehemu, akamzalia mtoto mmoja tu, wa kiume. Kwa hiyo nyumbani mwake mlikuwa na mama wa Mungu Mmoja, mwana wa Utatu, na sufuria moja ya ugali wa mahindi na jibini la kondoo.

Walibishana tangu kijana alipoota ndevu.

"Mama, jua ni moja," Márton alikuwa akisema mdomo umejaa. "Lakini lina mwanga na lina joto. Ni majua matatu hayo?"

"Jua halikulia bustanini, mwanangu. Yesu alilia. Alikuwa anamlilia nani? Anajililia mwenyewe?"

"Na kama ni mtu tu, basi kufa kwake kunanifaa nini? Watu wanakufa kila siku."

"Kula, ugali unapoa."

Hakuna aliyeshinda hata siku moja, wala hakuna aliyenyanyuka mezani na njaa.

Ndipo ikaja amri kutoka Viena, kwenye kiti cha enzi cha mfalme: kila kanisa lililojengwa na Wakatoliki zamani, hata kama limekuwa mikononi mwa wengine miaka mia mbili, lirudi kwa Wakatoliki. La Almáskút lilijengwa na nani? Vitabu vya askofu vilikwisha kuungua. Padri Ince, kijana mwembamba aliyetumwa kuwahudumia wale wa nyumba kumi na moja, alisikia fununu kwamba chini ya chokaa kuna picha, naye akaandika barua. Mwezi wa Oktoba, mavuno yakiwa ghalani, Mjumbe wa serikali aliwasili na gari lake la farasi limekwama tope mara mbili njiani. Aliitwa Bwana Vitos, mtu mzima mwenye mafua na haraka.

Kukwangua ukuta moja kwa moja hakukuruhusiwa. Kijiji kimoja cha jirani walipoona mitaimbo inaingia kanisani walijibu kwa mashoka, na tangu siku hiyo amri ikasema: ushahidi wa kiapo utangulie, ndipo ukuta uguswe. Basi akatafutwa shahidi. Nani anaujua ukuta kama yule anayeupaka?

Márton, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Wakatoliki, alikuwa wa kwanza kukubali. Asubuhi ile alimwambia mama yake huku akifunga vifungo vya koti lake jema.

"Nimemwambia Mjumbe mama yangu hajawahi kusema uongo. Wenzangu wote wameridhika. Ukisema hamna kitu, tunakwenda zetu na maneno yanaisha."

"Na nikisema kimo?"

Márton alimtazama. "Kimo?"

"Nimeuliza tu," akasema Rebeka, naye akajifunga kitambaa cheusi cha kanisani. Laiti mwanawe angesema mama yangu ni mwongo kama wanawake wengine, mzigo ungekuwa mwepesi.

Mlangoni mwa kanisa, mchungaji wao, Mchungaji Dénes, alimvuta kando. Alikuwa mtu mwema, lakini woga ulikuwa umemchosha.

"Mama Rebeka, watakutaka uape kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja katika Utatu. Apa. Sema hamna kitu."

"Unajua kama kimo au hakimo, Mchungaji?"

"Sitaki kujua. Nisikilize. Sisi hatuamini Utatu. Kuapa kwa kitu usichokiamini ni kuapa kwa hewa. Si kiapo hicho. Hutakuwa umetenda dhambi, na kanisa litapona, na shule yake itapona, na watoto watasoma. Maneno manne matano tu, mama."

Rebeka alimwangalia mtu huyu aliyewabatiza wajukuu wa jirani zake wote, akaona uchungu, kisha akaona hasira.

"Babu mzaa babu yako alifia gerezani kwa kukataa kuyatamka maneno hayo hayo manne matano. Angejua ni hewa, si angeyatamka akaenda zake kula?"

Rebeka akaingia.

Kanisa lilijaa. Wakatoliki walisimama upande mmoja, kofia mikononi, wengi wao wakiona haya, maana nusu ya wake zao walikaa upande wa pili. Bwana Vitos alikuwa ameketi mezani chini ya mimbari na karani wake, Padri Ince amesimama kando na msalaba wa kuapia. Ukuta wa kaskazini ulikuwa mweupe pe.

"Wewe ndiye Rebeka Benkő?" Mjumbe aliuliza, akapenga kamasi.

"Ndiye mimi."

"Unaupaka ukuta huu?"

"Mara arobaini na mbili. Ukitaka mwaka kesho nakupa brashi."

Watu walicheka kidogo. Karani aliandika, kisha akafuta.

"Weka mkono juu ya msalaba. Fuata maneno ya Padri, halafu utuambie: chini ya chokaa hii ipo picha ya Utatu Mtakatifu, au haipo?"

Padri Ince akaanza kwa sauti yake ya upole: "Naapa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu..."

Rebeka aliuacha mkono wake ndani ya shali.

"Siapi hivyo."

"Mama," alisema Padri, "ni maneno ya sheria."

"Ni maneno ya imani yako, na wewe unayaamini, kwa hiyo yaheshimu. Mimi siyaamini. Ukinifanya niyatamke kwa mdomo mtupu, utakuwa umemchezea Mungu wako, na mimi nimemchezea wangu. Nani kati yetu amefaidi?"

Padri Ince aliushusha msalaba kidogo. Maneno yalimwingia.

"Unakataa kutoa ushahidi?" Mjumbe alifoka.

"Nimekataa kuapa kwa watatu. Kuapa nitaapa." Akatoa mkono, akauinua juu, wazi, bila kugusa kitu. Mchungaji Dénes alikuwa akitikisa kichwa mlangoni: hapana, hapana. "Mmekuja na serikali nzima, farasi wanne na karani, kumwuliza mama mpaka chokaa Mungu wenu mmemwacha wapi. Basi nitawaambia. Naapa kwa Mungu Mmoja, aliyeziumba mbingu na nchi, ambaye hana wa pili wala wa tatu: picha imo. Wanaume watatu, benchi moja, taji moja. Niliiona nikiwa na miaka tisa, na nimeipaka maisha yangu yote ili niwe na mahali pa kumwomba Yeye peke yake. Na ukuta huu mkiuchukua, nitapaka zizi langu la ng'ombe, na humo atasikia vilevile!"

Kelele zilipanda hadi darini. Kata, jirani yake, alipiga yowe kama kwenye msiba. "Rebeka! Umetuua!" Wengine walilia. Márton alikuwa amesimama kama mtu aliyepigwa kofi.

Bwana Vitos alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie milimani. "Andika," alimwambia karani. "Shahidi ameapa na kukiri..."

Karani hakuandika. Alikuwa mzee wa mahakama, mwenye wino hadi kwenye ndevu.

"Bwana Mjumbe, hajaapa."

"Sote tumemsikia!"

"Ameapa kwa Mungu Mmoja. Kiapo hicho sheria haikitambui. Kwa sababu ya kiapo hicho tunawanyima hawa kesi za mashamba kila mwaka. Nikiandika kwamba ameapa, ina maana leo mahakama imekipokea. Kesho watakuja wote kuapa hivyo hivyo, na kitabu hiki mkononi."

Taratibu, benchi kwa benchi, watu walianza kuelewa. Rebeka mwenyewe hakuwa amelipanga. Alikuwa amekuja kusema kweli na kulipoteza kanisa. Lakini hakuwa mjinga, na mlango ukifunguka huulizi nani kaufungua.

"Chagua, bwana," alisema. "Kiapo changu ni kiapo, andika, uchukue kanisa, na mashamba yetu tutakuja kuyadai. Au si kiapo. Na kama si kiapo, hujasikia kitu."

"Aisee!" alisema mtu nyuma, Mkatoliki.

Mjumbe alizungusha macho huku na huku hadi yakatua kwa Márton.

"Wewe! Mwenyekiti! Wewe ni Mkatoliki, kiapo chako hakina doa. Njoo hapa. Uape kwa Utatu Mtakatifu kwamba umemsikia mama yako akisema picha imo. Hilo litaandikwa."

Hili Rebeka hakulitarajia. Mtoto alikuwa na haki yake. Alikuwa amesikia, na mama mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwa fimbo na kwa asali, kutosema uongo. Hata asingemlaumu. Alitamani tu asilazimike kumwangalia.

Márton alikwenda hadi mezani. Alipiga ishara ya msalaba, taratibu, kama alivyofundishwa na baba yake, akauweka mkono juu ya msalaba wa Padri. Kisha akauondoa.

"Bwana Mjumbe, mimi naamini Utatu Mtakatifu. Nabishana na huyu mama miaka ishirini, na nikifa nitakufa nauamini. Ndiyo maana sitaapa."

"Una wazimu?"

"Sheria yenu imesema mama yangu hajasema kitu. Nitaapaje kwa jina takatifu kwamba nimesikia kisichosemwa? Mlimnyima ulimi nyinyi, si mimi. Tena Baba na Mwana na Roho Mtakatifu si mtaimbo wa kuvunjia mlango wa mama yangu. Tafuteni chuma kingine."

Mjumbe alimgeukia Padri Ince, kana kwamba Padri angemtoa Márton pepo. Padri alikuwa akiutazama msalaba mkononi mwake. Wale wengine wa nyumba kumi na moja walitazama sakafu, dari, kofia zao. Aliulizwa mmoja, akasema masikio yake yana nta tangu mavuno. Wa pili akasema yake pia.

Bwana Vitos aliondoka kabla ya saa sita, na gari likakwama tena palepale kwenye tope. Hakuna aliyekwenda kulisukuma. Katika kitabu iliandikwa: Almáskút, hakuna ushahidi.

Márton hakuachwa hivi hivi. Alivuliwa uenyekiti, na kwa askofu ikaja amri atubu kwa kutembea kwa miguu hadi kanisa la hija, siku nne, kwenye barafu. Alikwenda. Alirudi na vidole viwili vya mguu vimekufa ganzi, akala ugali bakuli tatu. Kata akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Rebeka, ambaye kwa kawaida hakukubali sifa, aliipokea hii.

Wiki moja kabla ya Pasaka Rebeka alibeba ndoo yake hadi ukuta wa kaskazini. Magoti yalikuwa yamechoka mwaka ule. Márton alikuja nyuma yake bila kuitwa, akaishika ngazi.

"Ni hapa?" aliuliza.

"Ni hapo."

"Wamekaaje?"

"Nimeshakwambia. Watatu, benchi moja. Uso ule ule mara tatu. Nadhani mchoraji alikosa watu, akamkalisha mtu mmoja."

Márton alifikiri. "Au alijua anachochora, mama."

"Shika ngazi."

Alipanda hadi juu, akachovya brashi. Kabla hajaupaka, alitazama chini. Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya ukuta mweupe, mkono mmoja ukienda kwenye paji la uso, kifuani, begani, na mkono wa pili umeikamata ngazi. Rebeka alingoja amalize. Kisha akaanza kupaka.