Marehemu Aomba Talaka

Sidi alikufa Jumanne asubuhi, mwaka wa tisini na tisa, akikaanga mahamri nyumbani kwake Tononoka. Mafuta yalimrukia mkononi yasimchome. Akajigusa kifuani: kimya. Akageuza mahamri yasiungue.

Kufika adhuhuri majirani walikuwa washatandika mikeka. Nyumba ya matanga haikosi chai, basi marehemu akawapikia.

"Pole, mwanangu," akasema Mama Menza, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Umekufa na nini?"

"Sijui, mama. Ndiyo naenda kuuliza."

Aliuliza mpaka Makadara, kwenye duka la kompyuta ambako mumewe Kingi, karani wa bandarini, alikuwa akikesha. Kompyuta zile zilihifadhi kila neno. Janet, mwenye duka, akamchapishia mazungumzo ya Kingi na mwanamke wa Ulaya. Jumatatu usiku Kingi aliandika: *Mke wangu amefariki. Sina mtu.* Naye akajibiwa: *Pole, mpenzi. Njoo.*

"Kumbe ameniua huyu," Sidi akasema.

"Na kisu hakushika! Peleka kortini, dada."

Sidi alitaka jambo moja tu: talaka, asije akazikwa kwa jina la Kingi.

Hakimu alizisoma karatasi mara mbili bila kumtazama aliyezileta. Maneno ya kompyuta hayakuwahi kufika mbele yake, lakini haya yalikuwa yamepigwa chapa vizuri. Tena yalikuwa ya mwanamume, na neno la mwanamume huku kwetu halijapata kukosa kiti.

"Ushahidi umekubaliwa," akasema. "Unaonyesha kwamba mlalamishi ni marehemu. Maiti hapewi talaka. Huzikwa na mumewe."

"Mheshimiwa, mbona siku ya kura maiti husimama foleni, na makarani huwaita kwa majina?"

"Ile ni kura, mama. Hii ni sheria."

Akampa Kingi pole, akamwamuru azike. Kingi akaomba mazishi yangoje kidogo, viza yake ya Ulaya haijatoka. Akakubaliwa.

Jioni Sidi aliwasha jiko, maana mgane naye ana tumbo. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani, ushaandikwa rangi nyeupe: *Sidi, mke wa Kingi*. Kingi akavua soksi, akazianika juu yake, akaketi kuonja mchuzi.

"Marehemu," akaita, "chumvi."

Sidi akamsogezea.